Mke wa Fan Zhuogen Ajifunza Mabuli

Pan Yindi ameuza madonge ya unga wa mchele kwenye daraja la mtaa wetu kwa miaka thelathini na moja. Meupe yana nyama ndani, ya kijani yana mboga, na tangu nimjue hajawahi kuyachanganya. Mumewe, Fan Zhuogen, alikuwa mfinyanzi wa mabuli ya chai, na alikuwa mfinyanzi kuliko wengi wanaotundika vyeti ukutani leo. Lakini ungemuuliza Yindi buli zuri ni lipi, angekujibu ni lile lisilovuja. Hakuhitaji kujua zaidi. Zhuogen alikaa mezani pake karibu na dirisha akipiga udongo kwa kibao, yeye alikuwa jikoni akikanda unga, na kila mmoja alimwachia mwenzake kazi yake.

Watu wa nje hudhani hapa Dingshu kila nyumba imejaa mabuli. Nyumba ya Zhuogen haikuwa na hata moja. Mwenyewe alinywea chai kwenye chupa ya kioo iliyokuwa na achari zamani, yenye kifuniko cha bati. Miaka yake kumi na tisa ya mwisho alimfanyia kazi Qiu Weiyao, mwenye cheo cha fundi mkuu wa mkoa na duka la orofa mbili kwenye barabara kuu. Zhuogen alifinyanga, Qiu akagonga muhuri wake chini ya buli kabla halijaingia tanurini. Likitoka zima, la Qiu. Likitoka na ufa, nyundo. Ndiyo desturi: buli lenye kasoro huvunjwa palepale mbele ya tanuri, lisije likatangatanga mjini likamwaibisha mwenye muhuri. Wafinyanzi wengi hapa wanaishi hivyo mpaka leo, na wanunuzi hawaulizi. Nimeacha kushangaa. Kuchukia sijaacha.

Zhuogen alikufa majira ya baridi, mapafu yamejaa vumbi la udongo. Siku ya kufagia makaburi na kuwamiminia wafu chai ilipofika, Yindi akapanda kilimani na themosi na vikombe vya karatasi. Aliporudi akapita kwangu, akakaa kwenye kizingiti, viatu vimejaa tope.

"Kaka Chu," akasema, "leo nimemmiminia mfinyanzi chai kwenye kikombe cha karatasi."

Nikamletea kijiti cha kukwangulia tope.

Jambo hilo alilibeba kifuani karibu mwaka mzima. Kisha zikaja habari kwamba Qiu anahamia Shanghai, duka na vyote vilivyomo. Yindi akafunga genge lake asubuhi moja, akavaa koti lake la sherehe, akaenda kuomba buli moja. Moja tu, lililopita mikononi mwa mumewe, amwekee chai kaburini.

Alimkuta Qiu amekaa na wageni. Yaliyosemwa alinisimulia mwenyewe, na Yindi si mtu wa kuongeza chumvi.

"Shemeji," Qiu alimwambia, "yote haya ni yangu. Geuza uone chini."

"Muhuri ni wako, hilo najua. Mimi naomba moja la mikono yake."

"Mikono ya nani?" akauliza mgeni mmoja, mama wa Shanghai mwenye koti la manyoya.

Qiu akacheka. "Marehemu mumewe alikuwa msaidizi wangu. Alikuwa akinikandia udongo."

"Alikukandia, akakufinyangia, akakukaushia," Yindi akasema. "Wewe ulileta muhuri."

Qiu si mtu wa kukasirika mbele ya watu, hiyo ndiyo hazina yake. Alitabasamu, akaonyesha kabati refu la kioo. "Haya, Shemeji. Humo mna mabuli thelathini na sita. Siku tano kabla ya siku ya makaburi yanafungwa kwenye makasha. Njoo siku hiyo, hawa wageni wangu pia watakuwepo. Chagua moja. Ukisema hili ni la Zhuogen, na kweli likawa lake, chukua, sitaki hata shukrani. Ukikosea, tusisumbuane tena. Sawa?"

Yindi akatazama kabati. Baadaye aliniambia kwamba yale mabuli yalifanana machoni pake kama madonge yake yanavyofanana machoni pa mtu asiyeyala.

"Sawa," akasema.

Alitoka pale akaja moja kwa moja kwangu. Mimi si mfinyanzi. Nilikuwa mfungaji mizigo kwenye ghala la kiwanda kikubwa, enzi za kiwanda, miaka ishirini na sita. Kila buli lililotoka pale lilipita mikononi mwangu, nikalikagua, nikaliviringishia gazeti kuukuu, nikalifunga kwa kamba ya majani ya mpunga. Kabla ya kukunja gazeti nilikuwa nalisoma. Shule yangu yote ilikuwa hiyo, na ndiyo maana elimu yangu ina matundu. Lakini mabuli nayajua. Wakati ule hapakuwa na muhuri wa mtu, kila mfinyanzi alikuwa na namba tu, na sisi wa ghalani tulikuwa tukishindana kumtambua mwenye namba kabla ya kugeuza buli.

"Nifundishe," akasema Yindi. "Nina siku arobaini na mbili."

"Shemeji, huu ni mtego," nikamwambia. "Hata ukipatia, Qiu akikubali atakuwa amekiri mbele ya wanunuzi wake kwamba muhuri wake unadanganya. Unadhani atakiri?"

"Hilo ni lake. Langu ni kupatia."

"Na usipopatia?"

"Nitabaki na vikombe vya karatasi. Utanifundisha au niende kwa mwingine?"

Hakuna mwingine, na alijua. Waliobaki mjini ni wenye vyeti na wanaowafanyia kazi wenye vyeti.

Alianza kuja kila siku alasiri, madonge yakishaisha. Siku ya kwanza alikuja amefurahi. Amepita kwenye maduka ya watalii, amejifunza mengi.

"Kaka Chu, kumbe ni rahisi! Buli zuri unaligonga kwa kifuniko linalia kama kengele. Na ukiliweka kwenye beseni la maji linaelea, mdomo na mkono vimelingana. Nimeliona kwa macho yangu, lilielea kama bata."

"Linaelea! Unataka kunywa chai au kuvuka mto?"

"Yule kijana wa duka alisema..."

"Yule kijana wa duka mwaka jana alikuwa akiuza simu. Kaa chini."

Nikatoa kikapu cha vigae. Hivyo niliviokota miaka mingi kwenye jaa la lile tanuri refu la mlimani, tulilokuwa tukililisha matawi ya misonobari siku mbili mfululizo, na sasa limezungushiwa kamba nyekundu watu wanapigia picha. Nikampa nusu ya buli. Lilikuwa limepasuka katikati tangu juu hadi chini, kama tikiti.

"Nataka nijifunze mabuli, wewe unanipa takataka," akasema.

"Buli zima ni kama mtu aliyevaa nguo za arusi. Hapa utamwona alivyo. Tia kidole."

Nikamwonyesha. Buli letu halifinyangwi kwenye gurudumu linalozunguka kasi kama vyungu vya kwingine. Udongo wetu hautaki hivyo. Mfinyanzi hupiga bonge kwa nyundo ya mbao mpaka liwe bamba, akakata ukanda, akaukunja ukawa kama mkebe usio na kitako, akaunganisha ncha mbili. Halafu mkono wa kulia unapiga nje kwa kibao, vidole vya kushoto vinashikilia ndani, taratibu, mpaka mkebe unafanya tumbo. Nje hung'arishwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe hadi usione alama yoyote. Lakini ndani, chini ya mkono wa kushikia buli, ule mshono upo. Na vidole vilivyoubana vipo.

Yindi akapapasa ndani ya ile nusu. "Kuna shimo," akasema. "Dogo. Na jingine."

"Hapo mtu alibana kwa ncha ya kidole. Mtu huyo alikufa kabla hujaolewa."

Akaendelea kupapasa. Kuanzia hapo hakuniletea tena habari za dukani.

Tulienda hivyo wiki baada ya wiki. Nilimkataza kutazama chini ya buli lolote, maana anayeanza na muhuri hatajifunza kingine maishani. Nilimfundisha kulishika kwanza kwa uzito, halafu kifuniko, halafu afumbe macho aingize kidole. Nilimfundisha na mabuli ya siku hizi. Haya hukandamizwa kwenye kalibu ya plasta, tumbo linatoka tayari, mtu anabandika mdomo na mkono, kwa siku anatoa kumi. Zamani buli moja lilikula siku tatu, na mwanafunzi alimaliza mwaka wa kwanza akichonga vifaa vyake tu, vibao na pembe na vijiti vya mianzi, kwa kufuata vifaa vya mwalimu wake, bila kugusa udongo. Nenda leo kamwambie kijana achonge kibao mwaka mzima.

"Ndani ya buli la kalibu ni laini," nikamwambia. "Laini kama shavu. Hakuna mshono, hakuna kidole. Ukikuta laini, weka kando, usipoteze muda."

"Laini, kando," akarudia, kama anayekariri bei za sokoni.

"Sasa Zhuogen. Sikiliza vizuri. Namba yake kiwandani ilikuwa arobaini na tisa. Nilifunga mabuli yake maelfu. Mshono wake aliubana kwa kidole cha kati mara tatu, kutoka chini kwenda juu, ya tatu imeegemea kulia kidogo. Mara tatu. Wengine walikuwa wanaburura kijiti tu. Ukikuta mara tatu, umemkuta mumeo."

Akatazama kidole chake cha kati. "Miaka thelathini na nne nimelala na huyu mtu," akasema, "na wewe ndiye unajua kidole chake kilikuwa kikifanya nini."

"Nilikuwa nalipwa."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza, "Alikuwa mzuri kweli, Kaka Chu? Usinifurahishe."

"Sijawahi kumfurahisha mtu. Alikuwa mzuri."

Kazi yake ya kila siku ilimsaidia. Mtu aliyekanda unga miaka yote hiyo ana vidole vinavyosikia. Kufikia wiki ya tano nilikuwa namfunga kitambaa machoni, nampa vigae ishirini, ananiambia hiki kalibu, hiki cha mkono, hiki cha mkono lakini mtu alikuwa na haraka. Alikosea kimoja tu, na hicho hata mimi nilikuwa na shaka nacho. Jioni moja alifika amekasirika kwa sababu alijaribu kuwaeleza wanawake wenzake wa sokoni habari ya mshono, nao wakamwambia uzee umeanza kumpanda kichwani. "Wananywea chai kwenye plastiki," akasema kwa dharau, na nikajua mafunzo yameingia.

Siku yenyewe ilinyesha mvua. Nilimsindikiza. Makasha yalikuwa wazi sakafuni, yamejaa nyuzi za plastiki badala ya majani. Wale wageni walikuwepo, saba au wanane, na mama wa koti la manyoya mbele kabisa, simu mkononi.

"Mzee Chu!" Qiu akaniita kwa furaha. "Bado uko hai!"

"Kwa bahati mbaya yako, Weiyao." Simwiti Fundi Mkuu. Nilifunga mabuli yake ya uanafunzi, mengine yalikuwa yamepinda.

Yindi hakusalimia sana. Alinawa mikono, akaikausha kwa taulo aliyokuja nayo, akamwomba msichana wa duka atoe mabuli yote na kuyapanga mezani bila kumwonyesha upande wa chini. Akaanza. Alishika, akapima, akazungusha kifuniko, akafumba macho, akaingiza kidole.

"Kalibu," akasema, akaweka kando.

La pili. "Kalibu."

La tatu, la nne, la saba. "Kalibu. Hili pia kalibu."

Wageni wakaanza kutazamana. Mwanamume mmoja mwenye miwani alinong'ona kwamba lile la nne alikuwa ameshalichagua kulinunua. Sikujizuia, nilicheka kwa sauti. Nilimtazama Qiu nione kama anatokwa na jasho. Hakuwa anatokwa na jasho. Alikuwa akimtazama Yindi, na uso wake sikuuelewa.

Kumi na tano. Ishirini. Mengine aliyashika kwa muda mrefu zaidi, kidole kinaenda na kurudi, kisha anatikisa kichwa. "Laini," anasema. "Kando." Thelathini. Nikaanza kuogopa. Kama Qiu ameshayauza ya Zhuogen yote na kubakiza haya ya kalibu, basi ametuita hapa tuchezewe.

Kwenye la thelathini na tatu akasimama. Lilikuwa buli pana, fupi, jekundu la kahawia, mkono umekunjika vizuri. Kidole chake kilikuwa ndani. Midomo yake ikacheza. Alikuwa anahesabu.

Akafungua macho. "Hili."

"Yamebaki matatu," Qiu akasema.

"Sihitaji. Hili ni la mume wangu."

Nikasogea, nikatia kidole changu. Mara tatu, kutoka chini kwenda juu, ya tatu imeegemea kulia. Nikamgeukia Qiu. "Haya, Fundi Mkuu," nikasema, na mara hiyo nilimwita hivyo makusudi. "Sema."

Qiu akalichukua lile buli kutoka mkononi mwangu. Hakutia kidole. Alilishika tu.

"Hili nimelifinyanga mimi," akasema.

"Mwongo!"

"Mzee Chu..."

"Mwongo wewe! Mara tatu! Mji mzima unajua ni nani alikuwa akibana mara tatu!"

"Mwalimu Hua alikuwa akibana mara tatu," akasema Qiu polepole. "Mimi na Zhuogen tulikaa benchi moja kwa Mwalimu Hua. Unakumbuka hilo, au umelisahau? Vibao vyangu nilivichonga kwa vibao vyake, na Zhuogen vivyo hivyo. Alitushika vidole akatufundisha kubana, mmoja baada ya mwingine. Hili nililifinyanga mwaka aliokufa mama yangu. Ni la mwisho. Baada ya hapo nilikuwa na cheti, na mikutano, na..." Akaacha.

Nilikuwa nakumbuka. Nilifunga mabuli yake kwa mikono hii, nimetoka kujigamba hivyo moyoni nusu saa iliyopita. Kwa kumchukia miaka yote hiyo, nilisahau kwamba Qiu Weiyao naye aliwahi kufanya kazi.

"Na ya Zhuogen?" nikauliza. "Umeyauza yote?"

"Ya Zhuogen hayana alama. Nilimwambia azifute. Watu kama wewe mlikuwa bado hai, na vidole vyenu. Akawa kila akimaliza kubana, anakwangua mshono kwa pembe mpaka ndani kukawa laini." Akatazama mabuli yaliyowekwa kando mezani. "Yako hapo. Kati ya hayo mliyosema ni kalibu."

Nilimwona Yindi akiitazama meza. Alikuwa amemshika mumewe mkononi mara sijui ngapi asubuhi ile, na kila mara alisema kando, kama nilivyomfundisha.

"Umekosea, Shemeji," Qiu akasema. Hakusema kwa ukali. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," akasema Yindi. "Nimekosea, sichukui. Nauliza tu. Ni yapi?"

Qiu akampa msichana wa duka lile buli jekundu.

"Sitayagusa. Nionyeshe tu nimwone. Ni yapi, Weiyao?"

Nilikuwa nimemwandaa kwa siku arobaini na mbili kumshinda Qiu, na swali hilo halikuwahi kunijia kichwani. Watu tuliojiona wajuzi tulikuwa tunamvizia Qiu, tukimsema vibarazani, tukihesabu uongo wake. Kumuuliza, hakuna aliyemuuliza.

Yule mwenye miwani akakohoa. Kisha Qiu akaenda mezani, akachukua buli moja, akaliweka upande wa pili. Akachukua jingine. Hakugeuza kutazama muhuri, hakutia kidole. Aliyajua kwa umbo. Alitoa moja moja mpaka yakawa kumi na manne kwenye mstari, na kila alipoweka moja alisema mwaka. Mbele ya wageni wake wote, huku mama wa manyoya akirekodi.

"Haya ndiyo," akasema. "Ndiyo mazuri kuliko yote humu. Nilikuwa nayabakiza."

Nilitegemea wageni wakasirike. Nilikuwa tayari kabisa kuona heshima yake ikianguka sakafuni pamoja na nyuzi zile za plastiki, nimeingoja siku hiyo tangu kiwanda kifungwe. Unajua walichofanya? Walipiga makofi. Mama wa manyoya alikuwa na machozi, akasema hajawahi kuona jambo zuri namna hii, na papo hapo akauliza yale kumi na manne bei gani sasa. Yule mwenye miwani akasema lile lake la nne sasa analitaka zaidi, kwa kuwa limeshikwa na mjane. Kabla sijavuta pumzi walikuwa wanapandishiana bei. Hiyo ndiyo dunia waliyotuachia. Unakiri wizi, wanakununulia na hadithi yake.

Qiu alikuwa na adabu ya kuona haya, hilo siwezi kumnyima. Akawanyamazisha kwa mkono. "Shemeji kwanza," akasema. "Chagua."

"Nimekosea."

"Najua umekosea. Chagua."

Yindi akapita mbele ya ule mstari taratibu. Hakutia kidole safari hii. Alichukua la nane kwenye mstari, dogo, lisilo na pambo lolote, ambalo mimi nisingelichagua. Nilipomuuliza baadaye kwa nini lile, alisema ni la mwaka ambao waliishi kwa mboga ya kuchemsha, na Zhuogen hakulalamika hata siku moja, sasa anataka kujua kama buli lililalamika.

Qiu akaligeuza, akaona muhuri wake. "Naweza kuusugua," akasema. "Kuna jiwe la kusugulia la almasi kule nyuma. Utoke kabisa, pabaki patupu."

"Acha," akasema Yindi. "Mmefuta vya kutosha."

Akaliviringisha kwenye taulo yake, tukatoka mvuani.

Tulipofika darajani nikamwambia, "Shemeji, nilikufundisha vibaya."

"Ulinifundisha unachokijua."

"Ndiyo hivyo. Vibaya."

"Basi siku ya makaburi ikipita, unifundishe vizuri," akasema. "Saa tisa. Nitakuja na vigae vyangu, pale nyuma ya nyumba kuna lundo, Zhuogen alikuwa akileta vilivyovunjwa anajazia mashimo ya njia."

Nilidhani anasema tu. Siku ya makaburi alipanda kilimani, akamimina chai ya rangi ya milima yetu kutoka kwenye lile buli dogo, mimi nikiwa nyuma yake. Kilichosemwa pale ni chake. Nikajua mambo yameisha, kila mtu atarudi kwenye mambo yake, mimi kwenye magazeti yangu, yeye kwenye madonge.

Kesho yake saa tisa alikuwa mlangoni na ndoo ya vigae.

Mpaka leo anakuja, mara mbili kwa wiki. Mwezi uliopita alinifunga mimi kitambaa machoni. Akanipa kigae, akaniambia nitie kidole.

"Laini," nikasema. "Kalibu."

"Polepole, Kaka Chu. Una haraka kama wa dukani."

Nikarudia. Ilikuwa laini. Nikarudia tena, mara hii kwa ncha ya kucha, na mbali kabisa nikasikia kitu, michirizi myembamba kuliko nywele, inapanda pamoja, imelalia upande mmoja.

"Hiyo ni pembe," akasema Yindi. "Anakwangua kutoka chini, anapanda, halafu anasita kabla ya kufika juu. Kila kimoja. Sasa hivi kwenye lile lundo nimeshapata vigae ishirini na sita, vyote anasita palepale. Wa kalibu hasiti, hana cha kukwangua. Ulisema hana alama."

"Qiu ndiye alisema."

"Na wewe ukakubali. Tia kidole tena, bado hujamsikia vizuri."

Nikatia kidole tena.